Sikio Kwanza, Mkono Baadaye

Msomaji wangu kijana, umefungua vitabu vingi vya hadithi tangu ulipoanza kusoma, na yamkini kila mara jicho lako limeikimbilia picha kabla ya kuyaendea maneno. Umemwona sungura akimcheka fisi. Umeiona nyumba ya zimwi na moshi ukifuka juu ya paa lake. Umemwona mwanamwali akiteka maji mtoni. Je, umewahi kujiuliza ni nani aliyezichora picha hizo, na ya kuwa alijifunza wapi? Jina la mwandishi huandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada, lakini jina la mchoraji aghalabu husahauliwa, kama jina la mpishi katika karamu ya harusi. Wageni hushiba, humshukuru mwenye nyumba, wakaenda zao.

Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Kila mwaka hunijia mwanafunzi mmoja au wawili ambao kingo za madaftari yao zimejaa michoro, nao huniuliza kwa sauti ya chini kama kuchora ni elimu au ni mchezo. Wazazi wao wamekwisha kuwajibu kwamba ni mchezo. Siwalaumu wazazi hao, maana karo hutoka katika jasho, na mwenye kutoa jasho ana haki ya kuuliza atavuna nini. Lakini swali lile si geni. Liliulizwa zamani juu ya kilima cha Makerere, mjini Kampala, na jibu lake lilichukua zaidi ya miaka hamsini kukamilika. Nifuate basi, nikuonyeshe jinsi lilivyopatikana.

Mwanzo wa habari hii ni mwanamke wa Kiingereza, Margaret Trowell, aliyezaliwa mwaka wa 1904. Alisoma uchoraji katika chuo cha Slade kilichoko London, kisha akasomea ualimu wa sanaa, na mmoja wa waliomwongoza alikuwa Marion Richardson, mwalimu aliyesifika kwa namna yake mpya ya kufundisha watoto kuchora. Mwaka wa 1929 Bibi Trowell alifika Kenya pamoja na mumewe, daktari Hugh Trowell, wakaishi kwa muda Machakos. Mwaka wa 1935 walihamia Uganda. Huko Bibi Trowell aliona ya kuwa Makerere ilikuwa ikiwaandaa vijana kuwa matabibu, walimu na wataalamu wa kilimo, lakini hakuna aliyewafundisha kuchora wala kuchonga. Mwaka wa 1937 akaanza darasa dogo la hiari. Wanafunzi walikuja kwake baada ya masomo yao mengine kwisha, wakakaa barazani, wakapewa karatasi na rangi.

Fikiri, msomaji, jinsi darasa lile lilivyokuwa dhaifu. Halikuwa na jengo, halikuwa na mtihani, wala halikumpa mtu cheti cha kumpatia mshahara. Lakini haba na haba hujaza kibaba. Miaka miwili tu baadaye, mwaka wa 1939, picha za wanafunzi hao zilipelekwa London, zikaonyeshwa hadharani katika Imperial Institute. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kusema kwamba kazi ile ni mchezo wa jioni. Uchoraji na uchongaji vikapata mahali pake miongoni mwa masomo ya Makerere, na darasa la barazani likawa Chuo cha Sanaa ambacho hata leo kinaitwa kwa jina la mwanzilishi wake.

Sasa nikueleze namna alivyofundisha, maana hapo ndipo kiini cha maneno yangu kilipo. Bibi Trowell hakutaka kuwawekea wanafunzi wake picha za Ulaya ili wazinakili. Alifuata njia aliyoiona kwa Marion Richardson: mwalimu husimulia jambo kwa maneno, polepole, na mwanafunzi husikiliza mpaka jambo lile lionekane moyoni mwake kama kwamba liko mbele yake. Hapo ndipo huchukua brashi. Mwalimu akisimulia habari ya watu warudio kutoka sokoni jioni, kila mwanafunzi humwona mama yake, njia ya kwao, migomba ya kwao na vumbi la kwao. Wanafunzi ishirini husikia maneno yale yale, na picha ishirini huzaliwa, wala hakuna mbili zinazofanana.

Ukitaka kujua nguvu ya njia hiyo, ijaribu leo. Mwombe mwenzako akusomee hadithi, nawe ufumbe macho. Utagundua mara moja shida anayokutana nayo kila mchoraji wa vitabu: hadithi hutembea, lakini picha imesimama. Chukua habari ya fisi aliyefika njia panda, akanusa nyama huku na nyama kule, akataka kwenda njia zote mbili kwa pamoja mpaka akapasuka msamba. Utachora nini? Mwanafunzi asiyefundishwa hukimbilia kumchora fisi amekwisha kupasuka, kwa kuwa hapo ndipo penye kishindo. Aliyefundishwa atamchora amesimama pale njia zinapogawanyika, pua imeinuliwa, mguu mmoja umeelekea kulia na mwingine kushoto. Picha ya kwanza imemaliza hadithi. Ya pili inamfanya msomaji aharakishe kufungua ukurasa wa pili. Kuchagua saa moja kati ya saa zote za hadithi, na kumwachia msomaji kazi ya kufanya, hiyo ndiyo elimu yenyewe. Na mtu hawezi kuichagua saa hiyo kama hakusikiliza kwanza.

Waliotoka katika shule hiyo walikwenda mbali. Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias hapa Kenya, alijifunza na kufundisha uchongaji huko, na ndiye aliyeisimamisha sanamu ya uhuru wa Uganda mjini Kampala mwaka wa 1962. Sam Ntiro, mtoto wa Machame chini ya mlima Kilimanjaro, alisoma Makerere, kisha akaenda katika chuo kile kile cha Slade alikosoma mwalimu wake. Wengine wangelirudi wamejaa mitindo ya ugenini, lakini Ntiro aliendelea kuchora aliyoyakumbuka: migomba, wakulima, na watu wa kwao wakiwa kazini. Picha yake moja ya mwaka wa 1956, yenye wanaume wanaompelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, imo katika nyumba ya makumbusho ya sanaa mpya mjini New York. Naye Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu, alichora katika kanisa kuu la Murang'a picha tano kubwa za maisha ya Yesu, akazimaliza mwaka wa 1959. Ndani ya picha hizo Yesu ni Mwafrika, na nchi anayoitembea ni nchi ya milima na mabonde kama ile iliyo nje ya milango ya kanisa. Habari ile ile imekwisha kuchorwa mara elfu kwa sura za Ulaya. Huyu aliisikia kwa sikio lake mwenyewe, ndiyo maana akaiona mahali alipokuwa.

Hata hivyo, usidhani ya kuwa njia ya Bibi Trowell haikupata wapinzani. Alipostaafu mwaka wa 1958, mahali pake palishikwa na Cecil Todd, naye alikuwa na nia nyingine. Todd aliona ya kuwa mwanafunzi wa Afrika anastahili kupewa kila kitu apewacho mwanafunzi wa mahali pengine popote: ujuzi wa viungo vya mwili, kanuni za rangi, na historia ya sanaa ya ulimwengu. Kumficha mtu elimu kwa kuogopa kwamba itamharibu, je, hiyo si dharau iliyovaa nguo za heshima? Hoja hiyo ina uzito, nami siwezi kuipuuza. Mwalimu akimsifu mwanafunzi kabla ya wakati kwa sababu tu kazi yake ni ya kiasili, basi yatakuwa yale ya mgema, ambaye akisifiwa tembo hulitia maji. Mkono unahitaji mazoezi, na mazoezi yanahitaji kanuni. Ila kanuni zenyewe hazimwambii mchoraji achore nini. Mtu aweza kujua kila mfupa wa mkono wa binadamu, akashindwa kuuchora mkono wa mama anayeaga. Kwa hiyo mimi nasema walimu hao wawili hawakupingana kama walivyoonekana. Mmoja alilifungua sikio, na mwingine aliukaza mkono. Ninachoshikilia ni mpangilio tu: sikio kwanza.

Nimemweka mwisho mtu ambaye habari zake ndizo zinijiazo kila mwanafunzi aulizapo kama kuchora ni mchezo. Jina lake ni Rosemary Karuga. Alizaliwa Meru mwaka wa 1928, na mwaka wa 1950 akaingia Chuo cha Sanaa cha Makerere, mwanamke wa kwanza kusoma humo. Alimaliza mwaka wa 1952, akarudi Kenya. Je, alipokewa kwa vigelegele? La. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Miaka ikapita, na miongo ikafuatana. Alifundisha watoto wa watu na kuwalea wake, na ule ujuzi wa Makerere ukakaa kimya ndani yake kama mbegu iliyosubiri mvua. Mtu aliyekuwa akimtazama wakati huo angaliweza kusema kwa haki kabisa: tazama, masomo yale ya kuchora yalimfaa nini?

Mvua ilinyesha mwaka wa 1987. Elimo Njau, ambaye mwaka wa 1965 alikuwa amesaidiana na wenzake kuanzisha nyumba ya sanaa ya Paa ya Paa mjini Nairobi, alimpokea pale kama msanii mgeni. Bibi Karuga alikuwa amekaribia miaka sitini, na hakuwa na fedha za kununulia rangi. Hapo ndipo elimu iliyolala miaka thelathini na mitano ilipoamka. Aliyageukia makaratasi ambayo watu huyatupa, yaani pakiti za unga na karatasi za kufungia sabuni, akayakata vipande vidogo vidogo na kuvibandika kimoja baada ya kingine. Wekundu wa pakiti ukawa nguo, hudhurungi ikawa ngozi ya mnyama, weupe ukawa mwanga wa jua mgongoni. Ukisimama mbali wadhani ni rangi. Ukikaribia waona ni takataka za jikoni zilizopata heshima. Mwaka wa 1990 kazi zake zilionyeshwa New York, katika nyumba ya sanaa ya Harlem.

Kisha lilitokea jambo ambalo mimi huliona kama kumalizika kwa duara. Mwaka ule ule wa 1952, Bibi Karuga alipotoka Makerere, kitabu cha Amos Tutuola wa Nigeria, The Palm-Wine Drinkard, kilitolewa London. Ni hadithi ya mtu apendaye tembo ambaye mgema wake alikufa, naye akafunga safari ya maajabu na mashaka kumtafuta katika mji wa wafu. Hadithi hiyo ilizunguka dunia kwa miaka mingi. Na Bibi Karuga, akiwa sasa mzee, ndiye aliyekuja kuitengenezea picha kwa vipande vyake vya karatasi. Kijana aliyefundishwa kuigeuza hadithi iliyosikiwa kuwa picha akaifanya kazi hiyo uzeeni, tena bila rangi. Bibi Karuga alifariki mwaka wa 2021, akiwa na umri wa miaka tisini na miwili.

Basi nimjibu nini mwanafunzi yule mwenye michoro kingoni mwa daftari? Simwahidi mali, wala simwahidi ya kuwa jina lake litaandikwa kwa herufi kubwa juu ya jalada. Maisha ya Rosemary Karuga hayaniruhusu kutoa ahadi hiyo, kwa sababu alingoja sana. Lakini nikiulizwa elimu ni nini na mchezo ni nini, nasema hivi: mchezo humwisha mtu anapochoka, na elimu humkalia ndani hata anapoisahau, ikamngoja.

Kwa hiyo, msomaji, utakapofungua tena kitabu cha hadithi, itazame picha, kisha ulitafute jina la mchoraji na kulisoma. Na kama wewe mwenyewe una mkono unaowasha, usianze kwa kunakili picha ya mwingine. Nenda ukakae karibu na bibi yako asimuliapo hadithi, ufumbe macho yako, usikilize mpaka mwisho. Kisha uyafumbue, utafute kalamu, na kama kalamu haipo, tazama kile kilichotupwa jikoni.