Ng'ombe, Mitaro na Udongo wa Bushi

Kwetu Bushi, Kivu ya Kusini, migomba inayozunguka nyumba ilikuwa inaishi kwa ng'ombe. Wamama walibeba mavi kutoka zizini, wakachanganya na maganda ya ndizi na majani makavu, wakatandaza shambani. Katikati wakapanda maharagi. Bibi arusi alifundishwa na mama mkwe. Hata shamba lenyewe lilipatikana kwa ng'ombe: ndiyo kalinzi, mtu kumtolea chifu ng'ombe juu ya kupewa udongo.

Kiisha vita ya 40-45, Wabelgiji wakakaza mambo ya mitaro ya kukata mteremko wa mlima. Ufundi ule, tukubali, ulikuwa mzuri: maji yanapunguza mbio, udongo unabakia. Lakini ilikuwa kazi ya lazima, na mwenye kukataa alilipa faini ao alifungwa. Basi uhuru ulipofika 1960, wengi wakaacha mitaro ijifukie. Walikuwa wanakimbia lazima, si mtaro.

Tangu 1996 vita zikamaliza ng'ombe wengi. Siku hizi, Kabare na Walungu, jirani anaonyesha jirani namna ya kuozesha majani ndani ya shimo, na kupanda nyasi kwenye ukingo wa mtaro. Mwenye alinyang'anywa ng'ombe anafuga dende jikoni, na mavi yake, hata yakiwa kidogo, yanaenda kwenye migomba.