Buni za Milima ya Taita

Mtu asafiriye kutoka Mombasa kwenda Nairobi, apitapo Voi, huona nyika kavu, miiba na udongo mwekundu, akadhani kwamba nchi yote ya Taita ndivyo ilivyo. Walakini akiiacha njia kuu na kupanda mpaka Wundanyi, hukuta nchi nyingine. Upepo utokao Bahari ya Hindi hupanda milima hiyo, ambayo kilele chake, Vuria, kina kimo cha mita 2,208, ukaleta ukungu na mvua. Katika miteremko yake yenye ubaridi hustawi ndizi, maparachichi na mboga za namna nyingi.

Tunda moja lililopandwa katika miteremko ya Taita lina historia ya peke yake, nalo ni buni, tunda litupalo kahawa. Asili ya mbuni ni misitu ya milima ya Uhabeshi, ambako humea chini ya miti mirefu. Kwa hiyo haudhuriki na kivuli, hupenda ubaridi wa wastani, na huitaka ardhi isiyotuamisha maji mizizini. Mwaka 1892 mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walianzisha misheni Bura, na mwaka 1893 wakapanda mibuni, miongoni mwa ya kwanza kabisa katika nchi iitwayo leo Kenya. Tena misitu ya Taita ilikuwa na mibuni yake ya mwitu, ndugu wa hiyo iliyoletwa na wageni.

Lau ardhi peke yake ndiyo iliyoamua, Mtaita angalikuwa mkulima wa kahawa tangu zamani. Lakini reli ilifika Nairobi mwaka 1899, masetla wakafuata, na mashamba makubwa ya kahawa yakafunguliwa katika nyanda za juu. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima zao hilo kwa ajili ya biashara. Katika miaka ya 1930 ndipo walipoanza kuruhusiwa, tena kwa uchache, katika Kisii, Embu na Meru. Taita, iliyotangulia kuupokea mti huo, haikuwamo.

Basi ardhi hutoa, lakini sheria ndiyo igawayo. Msomaji aambiwapo kwamba watu wa mahali fulani ni maskini, na aulize kwanza ni nani aliyeruhusiwa kupanda.