"Gugu la Kiingereza": Oxalis pes-caprae Nchini Malta na Simulizi ya Chanzo Kimoja

Historia ya mimea vamizi katika ukanda wa Mediterania mara nyingi husimuliwa kana kwamba kila mmea uliingia kwa mlango mmoja, ukiletwa na mtu mmoja. Mfano mashuhuri ni Oxalis pes-caprae, mmea wa maua ya manjano wenye asili ya Rasi ya Tumaini Jema. Wamalta huuita ħaxixa Ingliża, yaani gugu la Kiingereza. Mwaka 1891 mwanabotania Mwingereza George Henslow alieleza kwamba uliletwa Malta mwaka 1806 na mwanamke Mwingereza, ukapandwa katika bustani ya mimea, kisha ukaenea pwani za Mediterania.

Simulizi hiyo si ya kupuuzwa. Waingereza walikuwa Malta tangu 1800, na Januari 1806 waliiteka tena Rasi kutoka kwa Waholanzi. Baiolojia nayo iliiunga mkono. Maua ya mmea huu huwa na maumbo matatu, kulingana na urefu wa sehemu yake ya kike, na umbo moja huhitaji chavua ya jingine ili kuzaa mbegu. Kwa muda mrefu wataalamu waliona Mediterania ina umbo moja tu, lenye seti tano za kromosomu na lisilozaa mbegu kwa kawaida. Lilienea kwa matunguu madogo ya ardhini. Ukoo tasa wa namna hiyo ungeweza kabisa kutoka bustani moja.

Hata hivyo, tafiti za karne ya 21 nchini Ureno, Uhispania na Moroko zimekuta maumbo mengine, pamoja na mbegu zinazoota. Kwa maoni yangu, Henslow anabaki shahidi wa Malta, si wa Mediterania nzima. (Inafaa pia kuona kwamba jina la Kimalta lilibandika lawama kwa taifa la mletaji, wala si kwa bustani iliyoupanda.)

Suala hili si la wanahistoria peke yao. Palipo na umbo tasa, adui ni tunguu, na plau huyakata na kuyasambaza matunguu shambani badala ya kuyamaliza. Palipo na mbegu, mmea hupata njia nyingine ya kusafiri na uwezo wa kubadilika. Aidha, udongo au miche ikihamishwa kutoka magharibi mwa Mediterania kwenda mashariki, inaweza kubeba umbo lile hasa ambalo ukoo tasa umelikosa.