MREHANI NA KITUNGUU KATIKA KIUNGA KIMOJA
Historia ya bustani ya nyumbani, tangu Kilwa hadi Laela

Mtu ajengapo nyumba hufikiri mengi: matofali, bati, milango na madirisha. Akisha kuhamia ndipo aukumbukapo uwanja, na hapo watu hugawanyika makundi mawili. Wako wasemao kuwa maua ni anasa, uwanja wafagiwa tu ukawa mweupe, basi. Na wako wapandao vya kutazamwa peke yake, majani ya rangi na ua wa kukatwa kwa mkasi, wala hamna hata kimoja ambacho mtoto aweza kukitia kinywani.

Hebu tuifungue historia tuone wazee wetu walikuwa katika kundi lipi. Utaona kwamba hawakuwa katika lolote kati ya haya mawili, na kwamba njia yao yafaa hata Laela, juu ya uwanda wa Ufipa, mbali kabisa na bahari.

WALIYOYAONA WAGENI

Mwaka 1331 msafiri mashuhuri Ibn Battuta alipita katika pwani yetu. Mogadishu alikirimiwa ndizi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya maembe mabichi, malimau, pilipili na tangawizi mbichi. Alipofika Mombasa aliona ndizi na malimau, na tunda aliloliita jammun, lifananalo na zeituni lakini tamu sana. Kwa sifa hizo twalitambua kuwa ni zambarau. Zingatia, ndugu yangu, kwamba ndizi, embe na zambarau zote asili yake ni Asia. Kumbe tangu zama hizo watu wa pwani walikuwa wakipokea miti kutoka nchi za mbali na kuifanya kuwa yao.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka kwa adui. Mwezi wa Julai mwaka 1505 Wareno, wakiongozwa na Francisco d'Almeida, waliuvamia mji wa Kilwa na kuupora. Maelezo yaliyoandikwa wakati huo juu ya safari hiyo hayakutaja nyumba za mawe na misikiti tu, bali na bustani pia. Yanasema mlikuwa na machungwa, malimau, figili na vitunguu vidogo. Na pamoja navyo mrehani na mimea mingine ya harufu nzuri, vyote vikimwagiliwa maji ya visima.

Tafakari hapo. Kitunguu cha mchuzi na mrehani wa kunukia vilikuwa katika kiunga kimoja, vikinywa maji ya ndoo moja! Hakuna aliyeona kwamba kimoja ni cha haja na kingine ni cha upuuzi. Na jina lenyewe la mrehani tumelipata katika Kiarabu, rayhan. Katika Suratur-Rahman Mwenyezi Mungu Mtukufu anapotukumbusha neema za ardhi, anautaja mmea huo wa kunukia pamoja na nafaka. Naye Mtume wetu (s.a.w.) alitufundisha kwamba mtu akitunukiwa rihani asiikatae, kwa kuwa ni nyepesi kuchukua na harufu yake ni nzuri.

Ngome waliyoijenga Wareno pale Kilwa waliiacha wenyewe mwaka 1512. Ama mrehani, mpaka leo haukosekani uani mwa nyumba za pwani, wala haukosekani katika kikuba cha bibi harusi.

MITI ILIYOKWENDA BARA

Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka pwani ikaenda Tabora, Ujiji, hadi Kirando, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, chini ya milima ya Ufipa. Walikotua wafanya biashara walipanda miembe, na miembe ya Ujiji na Tabora imekuwa alama ya njia ile.

Lakini historia yataka isemwe yote. Misafara ile ile ilichukua pembe za ndovu na binadamu waliotiwa minyororo. Chini ya kivuli kimoja alipumzika mwenye bunduki, na alikaa aliyefungwa shingo. Na huko Unguja mashamba ya mikarafuu yalilimwa na watumwa. Kisha mwaka 1872 kikaja kimbunga kikaing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Mti hauna kosa, kosa ni la mwenye kuupanda kwa jasho la mwingine. Basi ukimwajiri kijana akuchimbie mashimo ya miche, mpe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Na jambo la pili la kujifunza ni hili: usitegemee mti wa namna moja.

TUJE LAELA

Mtu aliyezoea pwani au Ujiji akihamia Laela hutamani kuuona mnazi mlangoni pake. Lakini uwanda huu uko juu, zaidi ya meta 1,500 kutoka usawa wa bahari. Mvua hunyesha kwa msimu mmoja, yapata Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu, na baridi kali ya Juni na Julai. Mnazi na mkarafuu yataka joto, na hapa itakutia hasara. Mwembe huenda ukaota, lakini usitazamie embe za Ujiji.

Badala ya kulilia usichopewa, tazama ulichopewa. Mparachichi waipenda nchi ya namna hii; uweke mbali na ukuta, maana hukua sana. Mfyulisi, ambao wengine huuita mpichi, wataka baridi ndipo uzae vizuri. Panda na mpera, mlimau, na karakara itambae juu ya ua. Mbele ya nyumba weka waridi, nalo hustawi katika ubaridi. Asumini ipe ukuta upande wa jua, isipigwe na upepo. Mrehani hauhimili baridi kali, basi weka mbegu zake kila mwaka uzisie mvua zinapoanza. Karibu na jiko pawe mchaichai, vitunguu na pilipili. Ama mnyaa, ijapokuwa ni ua wa upesi, utomvu wake huunguza macho. Usiuweke wachezapo watoto.

Na tusidhani kwamba elimu yote ilitoka pwani. Wafipa tangu zamani wana kilimo chao cha ntumba: huzifukia nyasi chini ya udongo katika vilima vidogo vya mviringo, zikaoza na kuirutubisha ardhi, kisha wakapanda ulezi na maharage. Wewe uchomaye majani ya uwanjani kila asubuhi unachoma mbolea yako. Yafukie kama walivyofanya wenye nchi. Na wakati wa kiangazi chimba kijifereji kutoka mahali pa kutawadhia, maji ya udhu yaende kwenye shina la mlimau.

HAKI ILIYOMO NDANI YA TUNDA

Ndugu Msomaji, katika Suratul-Qalam tunasimuliwa habari za wenye shamba walioapa kuvuna alfajiri na mapema, ili maskini asiwaingilie siku hiyo. Walipofika walilikuta limeteketea usiku wakiwa wamelala. Basi usiujengee mfyulisi wako ukuta wa chupa zilizovunjwa. Tawi likiangukia upande wa jirani, tunda lile ni salamu yako kwake, awe ni Mwislamu mwenzio au Mkristo. Na Mtume (s.a.w.) ametujulisha kuwa Mwislamu apandapo mti, kila anachokula humo mtu, ndege au mnyama huandikiwa kuwa ni sadaka yake.

Waliopanda mrehani na kitunguu Kilwa hatuyajui majina yao. Mji wao uliporwa, lakini walichokipanda kimetufikia. Nasi tuwapandie watakaokuja, japo nao hawatayajua majina yetu. Mola wetu anayajua.

Mwenyezi Mungu azibariki nyumba zetu na viunga vyetu, na atujaalie mikono yenye kupanda na kugawa. Amin.