Intaneti ya Kupima: Jinsi Nairobi Ilivyouziwa Teknolojia Kidogo Kidogo

Leo naweka uandishi wa programu kando tuongee historia kidogo, tena ya hapa hapa Nairobi. Kila mwaka vijana wapenda mitambo huingia jiji hili na begi moja la nguo na lingine la nyaya na chaja, na siku mbili hazipiti kabla hawajashuka Luthuli Avenue kuulizia bei. Ukisoma makala nyingi utadhani historia yao ni historia ya vifaa: kwanza simu za antena, kisha Nokia, kisha simu za skrini ya kugusa. Mimi naona vifaa si hadithi yenyewe. Hadithi ni kipimo.

Nieleze. Kwenye duka la mtaani mafuta ya kupikia yanauzwa kwa chupa nzima au kwa kupima. Sukari vivyo hivyo, unga vivyo hivyo. Tunauita uchumi wa kadogo. Teknolojia nayo iliingia nyumba za watu wa kawaida Nairobi kwa mlango huo huo, na kila kipimo kilipobadilika, kulibadilika pia kitu ambacho hakiandikwi kwenye kibandiko cha bei: nani anakula hasara.

Simu za mkononi zilifika Kenya mwaka 1993 na hazikuwa na kadogo yoyote. Kifaa kiliweza kugharimu hata shilingi 250,000, kwa hivyo kilikuwa cha mabwanyenye na wakubwa serikalini. Mgeni wa kawaida jijini alipanga foleni kwenye kibanda cha simu akiwa na sarafu mkononi, au alitumia simu ya ofisini kwa hisani ya mtu. Shirika moja tu, KPTC, lilishika barua, simu na hata usimamizi wa sekta yenyewe, mpaka lilipogawanywa mara tatu mwaka 1999.

Halafu ukaja mwaka 2000, na hapa ndipo naomba tukae kidogo. Kampuni mbili zilianza kushindana: KenCell (ambayo baadaye iliitwa Celtel, kisha Zain, na leo ni Airtel) na Safaricom. KenCell ililenga wateja wenye pesa na ilitoza kwa dakika. Safaricom ikaamua kutoza kwa sekunde. Linaonekana jambo dogo, lakini tupige hesabu. Tuseme dakika moja ni shilingi 20, na wewe unataka tu kusema, "Mama, nimefika salama, nitakupigia kesho." Hizo ni sekunde 12. Anayetoza kwa dakika anachukua shilingi 20, anayetoza kwa sekunde anachukua shilingi 4. Katika kompyuta tofauti yao ni mstari mmoja wa msimbo: je, unapandisha namba hadi dakika nzima inayofuata au huipandishi? Mstari huo mmoja uliamua zile sekunde 48 ambazo hazikutumika ni hasara ya nani. Wanabiashara wenyewe wameutaja mara nyingi kama sababu mojawapo ya Safaricom kumpita mwenzake, nami naamini.

Kipimo kikaendelea kupungua. Kadi za kukwangua za bei kubwa zikafuatwa na Bamba 50, baadaye Bamba 20. Asiye na simu alienda kwa Simu ya Jamii, akapiga simu ya mtu na kulipia alichotumia. Kuna waliogundua kipimo kidogo kuliko vyote, yaani sifuri: kuflash. Unapiga, unakata kabla hajapokea. Ukiwa mtu wa kompyuta utafurahia jambo hili, kwa sababu watu wasiosomea mawasiliano waliunda lugha nzima ya ishara juu ya mtandao wa kampuni bila kulipa senti. Mlio mmoja, nipigie. Miwili, nimefika, shuka chini ufungue geti. Hasara yote ilikuwa ya kampuni, iliyobeba ishara bila malipo, na haishangazi kwamba baadaye kampuni zilianza zenyewe kutoa arafa za bure za kuomba kupigiwa.

Mwaka 2005 ikaja Sambaza, ukaweza kumtumia mwenzako krediti. Krediti ikawa kama pesa. Jambo hilo watafiti walikuwa wameshaliona Uganda, Botswana na Ghana, na lilisaidia kuzaa wazo la M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007. Mengi yameandikwa kuhusu M-Pesa kwa hivyo sitarudia, ila jambo moja la kiufundi husahaulika: programu yake iliwekwa ndani ya laini, si ndani ya simu. Nokia 1100 ya mwaka 2003, ile tunayoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake, iliweza kutuma pesa sawasawa na simu ya bosi. Hakuna aliyelazimika kununua kifaa kipya.

Intaneti ilichelewa, na kwenye saiba za Nairobi kipimo kilikuwa kikatili. Saiba iliuza dakika. Sasa kumbuka kwamba kabla ya mwaka 2009 pwani yetu ya Afrika Mashariki haikuwa na kebo hata moja ya faiba ya baharini. Data ilipitia setilaiti, iliyo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi lako linapanda, linashuka Ulaya au Marekani, kisha jibu linarudi njia hiyo hiyo: kilomita 144,000 jumla. Mwanga unaenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Gawanya, unapata karibu nusu sekunde, na hiyo ni kabla ya foleni ya watu kumi wanaotumia laini moja na wewe! Ukurasa wenye picha nyingi unatuma maombi mengi ya namna hiyo. Ulikuwa unalipia umbali wa kwenda angani na kurudi, dakika kwa dakika. Ukisikia wakubwa zetu wakisimulia walivyoandika barua pepe kwenye karatasi nyumbani ndipo waingie saiba kuichapa haraka, usiwacheke. Kipimo kilikuwa saa, na hasara ya uzito wa mtandao ilikuwa yao.

Mwaka 2009 kebo mbili zilianza kazi Mombasa: SEACOM na TEAMS. TEAMS inatoka Fujairah, Falme za Kiarabu, karibu kilomita 5,000. Ndani ya faiba mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hivyo safari hiyo ni kama sehemu moja ya arobaini ya sekunde. Mwaka huo huo serikali iliondoa kodi ya VAT kwenye simu (ilirudishwa mwaka 2013), na mwanzoni mwa 2011 ikaja Huawei IDEOS, simu ya Android ya takriban shilingi 8,000. Hapo ndipo tuliacha kununua dakika tukaanza kununua megabaiti.

Kubadilika huko kulikuwa kukubwa kuliko simu yoyote. Ukiuziwa megabaiti, mtandao ukiwa mzito hupotezi pesa, unapoteza subira tu. Lakini sasa uzito wa ukurasa ni wako. Mtu aliyebuni tovuti akiwa California, akaweka picha ya megabaiti mbili kwa sababu inapendeza, amekutoza wewe wa Umoja bila kukujua. Ndiyo maana Opera Mini ilipendwa sana hapa. Ilikuwa inapeleka ukurasa kwanza kwenye seva zake, inaukamua, kisha inakuletea mabaki. Sisi tuliokuwa shule ya upili wakati huo tuliijua kabla ya kuijua kompyuta yenyewe. Mpaka leo nikiandika programu naangalia ukubwa wa faili kwanza, na wenzangu kazini wananicheka.

Bando zilikuwa na ujanja mwingine, saa ya kufa. Megabaiti ulizolipia zikifika usiku wa manane bila kutumika, zilipotea. Ni ile dakika isiyokamilika ya mwaka 2000 imerudi ikiwa na nguo mpya. Malalamiko yalikuwa mengi, na Oktoba 2019 Safaricom ilileta bando zisizo na mwisho wa muda, ingawa ukilinganisha bei utaona zile zinazokufa bado hukupa data nyingi kwa shilingi ile ile.

Mimi niliingia Nairobi katikati ya mambo haya, mwaka 2016, nikiwa mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta, na kila kitu chumbani kwangu kilikuwa cha kupima: tokeni za stima, gesi ya mtungi mdogo, Wi-Fi ya mtaani. Kitu kimoja tu kilikuwa changu kizima, nacho ni simu. Sasa hata hicho kimeingia kwenye kadogo. Julai 2020 Safaricom na Google walizindua Lipa Mdogo Mdogo: ulitoa malipo ya kwanza, ukachukua simu ya 4G, kisha ukawa unalipa shilingi 20 kwa siku. Kampuni nyingine zinauza simu kwa njia hiyo hiyo. Usipolipa, programu iliyomo ndani inaifunga simu.

Siipingi. Imewapa simu watu wengi ambao wasingeweza kukusanya bei yote kwa mara moja. Ila kwa jicho la historia naona kipimo kimevuka mpaka. Zamani ukikosa pesa ulikosa maongezi au data, lakini kifaa kilibaki mkononi mwako na picha zako na namba zako ndani. Sasa mwenye bodaboda anayetegemea oda za kwenye simu, siku mbili za mvua zikimkosesha wateja, anakosa na chombo cha kuwapatia. Ndipo utamwona anatoa laini, anaichomeka kwenye mulika mwizi yake ya zamani, na kuanza kupigia marafiki mmoja mmoja wamtumie pesa ya siku hiyo kwa M-Pesa.