Noti Hii ni ya Mkono Gani?

Fungua karatasi yoyote ya piano. Utaona stafu mbili, kila moja na mistari yake mitano, zimefungwa pamoja upande wa kushoto. Mwalimu wa kwanza atakwambia: ya juu ni mkono wa kulia, ya chini ni wa kushoto. Huo ni uongo wenye faida, na mwaka wa kwanza hauna noma. Balaa huanza mkono wa kushoto unapopanda hadi mtaa wa mwenzake. Ukiiacha noti chini, utarundika vimistari vya ziada hadi macho yachoke. Ukiivusha juu inasomeka vizuri, ila mpigaji atadhani ni ya mkono wa kulia.

Swali hili liliiva jijini Paris, miaka ya 1830. Sigismond Thalberg alikuwa na ujanja uliomfanya gumzo la mji: wimbo aliupiga katikati ya piano, vidole gumba vikipokezana noti, huku vidole vingine vikikimbia juu na chini. Ukisikiliza bila kuangalia ungeapa ana mikono mitatu. Tarehe 31 Machi 1837 yeye na Franz Liszt walipambanishwa nyumbani kwa Cristina Belgiojoso, kwenye hafla ya kuchangia wakimbizi wa Italia. Nani alishinda? Watu wabishane tu. Mimi nawaza karatasi: muziki wa mikono mitatu unauandikaje kwenye stafu mbili?

Jibu moja la Liszt lilikuwa kuongeza stafu. Kwenye Un sospiro, ya mwishoni mwa miaka ya 1840, wimbo una stafu yake na mikono inaupokezana. Utajuaje ni zamu ya nani? Angalia kijiti cha noti. Kikielekea juu, ni mkono wa kulia. Kikielekea chini, wa kushoto. Kwangu hiyo ni safi kuliko maelezo ya aya nzima. Rachmaninoff naye, kwenye preludi yake maarufu ya 1892, alifika stafu nne. Na vidole bado ni kumi!

Mafundi wa Ulaya waliochonga muziki kwenye sahani za chuma laini, tena kinyumenyume kama kwenye kioo, walivusha noti kwa jicho tu. Sahani haikuulizi noti ni ya nani.

Kompyuta inauliza. Finale ilipokuja 1988, kisha Sibelius 1993, kila stafu ilikuwa kama debe: kila kipimo lazima kijae mapigo yake. Ukiichapa ile noti moja kwa moja kwenye stafu ya juu, ya chini inabaki na shimo, na programu inaliziba kwa alama ya kimya. Fanya hivyo mara kumi, ukurasa unajaa alama za kimya ambazo hakuna mtu anazinyamazia. (Sisi tuliolelewa na solfa ya kwaya hatukukijua kitendawili hiki, kila sauti ina mstari wake, basi.)

Dawa ni kutenganisha mambo mawili: noti inahesabiwa wapi, na inaonekana wapi. Andika kifungu chote kwenye stafu moja, kama sauti moja isiyokatika. Kisha chagua noti zinazovuka. Kwenye MuseScore, ambayo ni ya bure, bonyeza Ctrl, Shift na mshale wa juu au chini. Dorico, iliyotoka 2016, inatumia N kwa juu na M kwa chini. Noti inahama kwa macho tu. Mapigo yake yanabaki kwa mwenyewe. Baadaye panua nafasi kati ya stafu, upitishe katikati ule ufito unaounganisha vijiti: vya chini vipande, vya juu vishuke. Jicho linafuata mkono mmoja bila kujikwaa, na hicho ndicho unacholipwa ukimwandikia mtu anayesindikiza kwaya bila mazoezi.

Agosti 2024 wenye Finale walitangaza kwamba hawataiendeleza tena, na watu wenye faili za miaka thelathini wakaanza kuhama. Wengi wanapitia MusicXML, ambayo kwa kila noti inaweza kubeba habari mbili tofauti: sauti yake na stafu yake. Ukihamisha zako, anza kukagua pale mikono inapovuka. Ukikuta alama za kimya ambazo hukuziweka, jua zile habari mbili zimechanganywa njiani.