Mialoni ya Wotton: John Evelyn na Mrithi Asiyejulikana

Apandaye mwaloni utu uzimani mwake humpandia mtu mwingine. Katika Uingereza ya karne ya 17, mwaloni wa kuundia merikebu ulihitaji takriban miaka 100 kukomaa, ilhali jeshi la majini lilitaka mbao kila mwaka. Sehemu kubwa ya misitu ilikuwa milki ya watu binafsi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyozuka mwaka 1642 viliwasukuma wengi kuifyeka ili walipe madeni. Wasimamizi wa jeshi hilo walipoiomba ushauri Jumuiya ya Kifalme ya London, jibu lilikuja kuwa kitabu: Sylva, cha John Evelyn, kilichochapishwa mwaka 1664.

Evelyn hakuielekezea serikali hoja zake, bali mwenye ardhi. Alimfundisha kuotesha mbegu, kuhamisha miche, kuizungushia ua isiliwe na mifugo, kupogoa, na kuchagua majira ya kukata. Mwenye ardhi aliyeacha nafasi tupu baada ya kukata alihesabiwa kuwa ameidhulumu nchi, na pia kizazi chake mwenyewe.

Lakini mwenye msitu angekula nini katika miaka hiyo yote ya kungoja? Jibu la Waingereza lilikuwa la kale kuliko kitabu. Chini ya miti mikubwa waliacha miti midogo, wakaikata karibu na ardhi kila baada ya miaka kumi hivi au zaidi, na visiki vikachipua upya. Fito zake zilijenga nyua. Matawi yalikuwa kuni. Yaliyosalia yalichomwa makaa. Hivyo msitu mmoja ulikuwa na kalenda mbili: ya machipukizi, iliyomlisha aliye hai, na ya mialoni, iliyomngoja atakayezaliwa. Sheria nayo ilizilinda kalenda hizo. Aliyekuwa na haki ya kuishi tu katika milki ya ukoo hakuruhusiwa kukata miti ya mbao, isipokuwa hati ya milki imemruhusu. Haikuwa wakfu, kwa kuwa faida ilibaki ndani ya ukoo. Hata hivyo, mwenye mali alizuiwa kula mtaji wa mrithi wake.

Evelyn aliyalaumu sana matanuri ya chuma kwa kula misitu. Hapo historia yake inamsuta. Babu yake, George Evelyn, aliyeinunua Wotton, katika jimbo la Surrey, mwaka 1579, alitajirika kwa kutengeneza baruti, na baruti haitengenezwi bila makaa. Karne tatu baadaye, mwanahistoria wa misitu Oliver Rackham alikwenda mbali zaidi: alionyesha kwamba wachoma makaa na wenye matanuri, kwa kuwa walihitaji kuni mwaka hadi mwaka, walikuwa na sababu ya kuuhifadhi msitu. Msitu uliokuwa na mnunuzi ulidumu. Uliopotea kabisa, mara nyingi, ni ule uliogeuzwa shamba la nafaka au malisho.

Evelyn mwenyewe aliipata Wotton akiwa mzee wa miaka 78, kaka yake alipofariki mwaka 1699. Mwaka huohuo alimzika mwanawe wa pekee aliyekuwa amebaki. Novemba 1703 tufani kubwa iliikumba kusini mwa Uingereza, na miti mingi mno ya Wotton iling'olewa. Mwaka uliofuata mzee huyo alikaa kumwandikia mjukuu wake wasia wa kuendesha milki. Alifariki mwaka 1706, mwaka uliotoka toleo la nne la Sylva.

Merikebu hazikuwangoja wapandaji. Mwaka 1860 Uingereza ilishusha majini HMS Warrior, yenye kiunzi cha chuma, na mialoni iliyopandwa kwa ajili ya vita vya baharini ikakomaa ikiwa imepoteza mnunuzi wake. Mpandaji hakuweza kujua mjukuu wake angeuza nini, wala kwa nani. Kilichokuwa ndani ya uwezo wake ni kuishi kwa machipukizi, asiguse mti usio wake, na kujaza upya kila pengo, hata lililoachwa na tufani.